Maziwa ya Tanurini

Shubra el-Kheima
24 Februari 1988

Mama Nasma,

Ndiyo, nakula. Na ndiyo, mlango naufunga nikitoka. Na hapana, kile kitasa cha jikoni sijakigusa. Umeniuliza maswali tisa kwenye karatasi moja, Inshirah. Hata polisi wa kituo chetu wakimshika mwizi wa kuku hawafiki tisa.

Sasa zamu yangu. Tumbo la Nasma vipi? Ile dawa ya minyoo ya yule bwana wa zahanati imefanya kazi, au minyoo imeinywa ikanenepa? Wiki mbili bila nyinyi hapa ndani ni kimya mpaka naisikia birika ikifikiria. Mtoto wa miaka miwili na nusu, kumbe ndiye aliyekuwa akiishikilia nyumba.

Kazini tuko vilevile. Haji Fikri kaleta lori zima la betri mbovu za magari, tunazipasua kwa shoka, tunatoa yale mabamba ya madini ya risasi, tunayatia tanurini, yanatoka vipande vya kuuza. Vumbi mpaka kwenye meno. Maziwa bado anatupa kila asubuhi, nusu lita kwa kila kichwa, anasimama hapo mlangoni kama mama mzazi: kunyweni, maziwa yanaikamata risasi tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Wenzangu wanakunywa. Mimi unanijua, tumbo langu na maziwa hawajasalimiana tangu nizaliwe.

Basi, ya kwangu nayatia kwenye lile kopo, kama siku zote, pembeni ya ukuta wa tanuri penye joto, nalifunika na kitambaa changu cha kichwa. Jioni yameganda, kijiko kinasimama wima. Lakini mwenye kuyala yuko kwa babu yake anachezea bata. Mgando upo, mteja hayupo. Biashara gani hii.

Usijali habari ya mkate. Mama Rajabu jirani ananiokea siku hizi. Mwanamke mwema sana.

Mumeo,
Shehata

—

Kafr Shalabi, Menufia
1 Machi 1988

Baba Nasma,

Salamu kutoka kwa wote, hata kwa baba yangu, ingawa yeye hakusema nikupe, nimekupa mwenyewe.

Mtoto hajambo. Naandika polepole ili uamini: mtoto hajambo. Wiki ya kwanza alikuwa analala tu, ukimshika tumbo analia. Sasa ameanza kula. Juzi alitoka mlangoni akaenda kwa miguu yake mpaka mferejini, nikamkuta anawagombeza bata. Rangi imerudi midomoni. Mama anasema ni hewa. Baba anasema ni kwa sababu huku hakuna wewe. Nimemwambia anyamaze.

Ila maziwa ya yule nyati wa kufugwa hataki. Anasukuma bakuli, anasema, "Ya baba." Baba yangu kaudhika kweli. Nyati wake kasifiwa na kijiji kizima, leo kakataliwa na kitoto cha Shubra.

Njoo Ijumaa ijayo umwone.

Halafu huyo Mama Rajabu. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka minne, hajawahi kuniazima hata kiberiti. Leo anakuokea mkate. Mjane mwenye watoto wawili na unga wa kupanga foleni, ameamka tu asubuhi moja akawa mwema? Sina neno. Nimeuliza tu.

Inshirah

—

Shubra el-Kheima
8 Machi 1988

Mama Nasma,

"Nimeuliza tu." Nimeisoma mara tatu, kila mara sikio linawasha. Mama Rajabu ana meno manne, na mawili kati ya hayo hayaelewani. Tulia.

Habari ya "ya baba" nimemsomea Bayumi kazini, akacheka mpaka akakaa chini. Mwambie mzee wako asimkasirikie mjukuu, mtoto anajua kitu kizuri. Nimeanza kukusanya tangu Jumapili. Bayumi kanipa yake, nami nimempa sigara. Mpaka Alhamisi kopo litakuwa limejaa mgando mzito, siku tano za tanuri, hata bibi harusi hapati.

Alhamisi tunatoka saa kumi jioni na treni ni saa kumi na moja, kwa hiyo nitakuja hivihivi na nguo za kazi, ya kuoga tutajua huko. Mwambie Nasma akae mlangoni. Nataka anirukie kama anavyonirukia kila siku, apande mabegani, anitafune kitambaa cha kichwa. Nimekikosa kile kinyevunyevu cha mate yake shingoni.

Ninakuja.

Shehata

—

Kafr Shalabi
19 Machi 1988

Shehata,

Barua hii usiisome kazini. Kaa kwanza.

Uliondoka Jumamosi alfajiri. Mgando uliobaki Nasma aliula siku hiyo na Jumapili, akakwangua kopo. Jumatatu akaanza kutapika. Jumanne baada ya adhuhuri alikuwa kwenye mkeka, nikaona mkono mmoja unaruka. Nikadhani anacheza. Halafu macho yakapanda juu, mwili wote ukawa mgumu, akaanza degedege. Nilimwita, hakuwepo, Shehata. Alikuwa mikononi mwangu na hakuwepo.

Mama akafukiza uvumba, akasema ni jicho la husuda. Tukapoteza saa nzima kwa uvumba. Baba ndiye aliyemchukua akakimbia naye mpaka barabarani, akasimamisha trekta.

Tuko hospitali ya Shibin. Degedege limekatika ila amelala mno. Daktari ni mwanamke, Daktari Afaf, miwani minene, hacheki. Hakuuliza habari za minyoo. Aliuliza, "Baba yake anafanya kazi gani?" Akauliza nani anafua nguo zake na kwenye beseni gani. Kamtoa damu, anangoja majibu kutoka Kairo.

Sielewi mambo ya mabeseni yanahusu nini. Usije mpaka nikuandikie.

Inshirah

—

Shubra el-Kheima
23 Machi 1988

Inshirah,

Nisije? Mtoto wangu kalala hospitali, halafu nisije?

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nimekwenda kazini nimerudi, sijui nimekwenda na miguu ya nani. Sasa nakwambia ninavyoona. Mtoto alikuwa mzima hapo kwenu, mmejisifu naye, umeniandikia mwenyewe amepata rangi, kijiji kizima kimemwona anatembea mferejini. Wakamtia jicho. Mama yako kasema kweli. Na kama mzee wako bado ana uchungu kwa ajili ya nyati wake, basi nisisemee zaidi.

Na huyo daktari anauliza kazi yangu ili iwe nini? Najua wanakotaka kufika. Risasi. Kila mtu akisikia Shubra, risasi. Haya, niambie wewe uliyesoma mpaka darasa la tisa: mtoto ambaye tangu aanze chakula anakula maziwa yangu yote, yote, mimi sijaonja hata tone, hiyo risasi itamwingilia wapi? Mimi ndiye ninayekaa na risasi kutwa bila maziwa na niko hapa nasimama. Yeye ndiye aliyekingwa. Nilimpa kinga yangu mimi. Miaka miwili nimempa kinga yangu.

Nikisikia tena habari ya mabeseni nakuja kumchukua, nampeleka Kairo kwa daktari wa kiume asiye na maswali ya jikoni.

Mpe busu. Mwambie baba yuko njiani.

Shehata

—

Shibin el-Kom, hospitalini
28 Machi 1988

Baba Nasma,

Hujambo. Nasma amefungua macho. Ameniita mama, kisha akaita bata. Kwa hiyo soma yanayofuata ukijua kwamba yu hai.

Majibu ya damu yamekuja. Ni risasi, tena nyingi. Daktari Afaf alisema kiasi kile akikiona kwa mtu mzima anashangaa. Anamchoma sindano za kuitoa, nne kwa siku, na Nasma sasa akimwona mtu yeyote mwenye koti jeupe anajificha kwapani mwangu.

Nikusimulie na la kwangu, maana sitaki kukuhukumu peke yako. Nilimdanganya daktari. Mara ya kwanza nilisema unauza vitambaa. Mara ya pili nikasema unauza vitambaa Tanta. Niliogopa watakuja kuifunga karakana, mkae bila kazi, unilaumu. Siku tatu kahangaika na mtoto wangu akitafuta ugonjwa mwingine, kwa sababu ya vitambaa vyangu. Majibu yalipofika alikaa kitandani kwa Nasma akaniambia, "Mama, vitambaa haviingii kwenye damu." Nikasema yote.

Akanieleza. Lile vumbi linapanda nguo, nywele, viatu, linakuja nyumbani nawe kila jioni. Mtoto anagusa, anaweka mdomoni. Nguo zako nilizifua kwenye beseni lilelile ninalomwogeshea Nasma, Shehata. Miaka miwili. Huku kijijini alipona kwa sababu hukuwepo. Baba yangu alisema kwa kuchokoza, kumbe alisema kweli, na sasa ameacha kusema kabisa, ndiyo mbaya zaidi.

Nikamuuliza habari ya maziwa. Nilimwambia neno lako, kwamba ulimpa kinga yako. Hakucheka. Alisema, "Kama maziwa yangezuia, ningeagiza ng'ombe, nisingeagiza sindano." Alisema mtu akila vizuri inasaidia kidogo, lakini maziwa hayamkingi mtu na risasi anayoila kila siku. Halafu akauliza hayo maziwa yalikaa wapi kabla hayajafika.

Na mimi nakuuliza. Kopo lilikaa wapi kutoka asubuhi mpaka saa kumi? Lilifunikwa na nini? Nijibu bila mzaha. Kuna mtoto mwingine aliyekula? Daktari anataka kujua hilo leo, si kesho.

Na kama kuna jambo kati yako na Mama Rajabu liseme hapohapo. Mwezi uliopita lingeniua. Leo naliona dogo.

Baba anataka nidai talaka. Mimi sijadai. Nimemwambia nangoja barua.

Inshirah

—

Shubra el-Kheima
14 Aprili 1988

Inshirah,

Kopo lilikaa hatua mbili kutoka mdomo wa tanuri. Lilifunikwa na kitambaa changu cha kichwa, kilekile ninachojifutia uso. Mfuniko ulipotea mwaka juzi. Nikiinua kitambaa jioni kulikuwa na utando wa kijivu juu ya mgando, na mimi nikidhani ni moshi, naukoroga ndani kwa kidole.

Hilo la kwanza. Nimeliandika mara sita nikachana.

La pili. Ndiyo, kuna watoto wengine. Kati yangu na Mama Rajabu hakuna kitu ila mgando. Tangu ulipoondoka nilikuwa nampa kopo, yeye ananiokea mkate. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungesema nimegeuza riziki ya Nasma biashara. Wanawe wote wawili wamekula, Rajabu na yule mdogo Hilmi, majuma matatu.

Barua yako niliipokea asubuhi kwa dereva wa gari la machungwa. Sikwenda kazini. Nilisimama mlangoni kwa Mama Rajabu nikamweleza, na kwa mara ya kwanza maishani sikupata utani wowote wa kuanzia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua ndara akanipiga nayo mbele ya mtaa mzima, nikainama ili asikose. Alipochoka akasema, "Mbebe Hilmi. Mimi namshika Rajabu. Tunakwenda sasa hivi." Tukapanda basi kwenda hospitali, yeye analia, mimi nimembeba mtoto wa watu nikihesabu vituo. Rajabu damu yake haikuwa mbaya sana, watamwangalia. Hilmi wamemlaza siku tisa. Karudi juzi. Mama yake haniongeleshi, ila jana aliniwekea mkate dirishani, bila kubisha hodi. Sijaula. Nimeuangalia tu.

Na mimi walinitoa damu. Daktari aliangalia karatasi, akaniangalia, akauliza kama mikono hutetemeka. Nikamwambia hutetemeka nikimwona baba mkwe. Akaandika kitu kirefu. Tutalizungumza siku nyingine, leo si zamu yangu.

Kazini niliwaambia wote. Walicheka. Kisha Bayumi akaacha kucheka. Unamjua Bayumi, mwanawe wa miaka minne hasemi, wamempeleka mpaka kwa masheikh. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo na mimi ninapomlaza kifuani?" Tulikaa hapo kila mtu analiangalia shati lake.

Tukaenda kwa Haji Fikri wote kumi na mmoja. Tulitaka maji, chumba cha kubadili nguo, na nguo za kazi zifuliwe hukohuko zisitoke. Alituambia yeye na baba yake wamekula risasi miaka arobaini na hawajafa. Nikamkumbusha kwamba baba yake amekufa. Akasema mimi mdomo wangu utanifukuzisha kazi. Kesho yake hatukuwasha tanuri. Keshokutwa pia. Siku ya tatu tanuri limepoa mpaka paka kaenda kulala ndani yake, na Haji akaanza kusema habari ya kile chumba chake cha maboksi, kwamba kimekaa bure.

Sasa kina mabomba mawili na tangi. Tangi nimelipata kwenye hamamu la zamani wanalobomoa kule Rod el-Farag, nimewapa maboksi ya betri ya kubebea udongo. Kila mtu ana misumari miwili, mmoja wa nguo za kazi, mmoja wa nguo za nyumbani, kuta mbili tofauti. Tunaoga na sabuni mpaka nywele, tunatoka tunang'aa kama mabwana harusi kumi na mmoja wasio na bibi. Viatu vinabaki. Kichwa changu nimenyoa, nafanana na yai lenye masharubu. Maziwa tunakunywea nje barabarani baada ya kunawa, na Haji akitangaza kinga hakuna anayemwitikia.

Nyumba nimeisugua mara tatu. Sikufagia, Daktari Afaf alinitumia neno kwa kaka yako: kufagia kunaliinua vumbi tu, tumia kitambaa kimaji, kitupwe. Godoro la Nasma nimelitupa. Beseni nimelitupa. Kopo nimelipiga shoka, halafu nikakaa chini nikalishika, mtu akipita angedhani nimefiwa. Karibu ingekuwa kweli.

Ile barua yangu ya hasira, ya jicho na nyati, ukiwa nayo bado ichome. Mzee wako alikimbia na mwanangu mikononi mpaka barabarani wakati mimi nimekaa hapa naandika upuuzi. Mkono wake nitaubusu, akitaka kunipiga nao kwanza, sawa.

Sasa sikiliza, mama. Mimi ni mtu wa kupatana, sijui njia nyingine. Hii ndiyo ninayokuwekea mezani.

Ufunguo wa nyumba uko ndani ya bahasha hii. Ni huo mmoja tu, mwingine sina. Kuanzia leo silali hapo, nalala kwa kaka yake Bayumi, seremala. Nyumba haitaingiwa na mtu aliyetoka kazini mpaka wewe useme. Keshokutwa au siku ya tatu mwezi utaandama, tunafunga. Wewe funga saumu hukohuko, Nasma ale kwa babu yake. Siku mbili kabla ya Idi Daktari Afaf amtoe damu tena. Majibu yakija, kama risasi haijashuka, usije, usijieleze, niandikie neno moja tu, nami siku hiyo natoka kwenye risasi moja kwa moja. Nitakuja kuchunga nyati wa baba yako, anicheke mpaka achoke.

Kama imeshuka, pandeni treni. Sitakuja stesheni. Fungua mlango mwenyewe, Nasma umwache kwa Mama Rajabu kwanza, nimemwomba kupitia dirishani, hajakataa. Chukua kitambaa cheupe, kipya, ununue mwenyewe njiani usiniamini mimi. Kipitishe popote unapotaka: juu ya kabati, chini ya kitanda, kwenye kizingiti, ndani ya viatu vyangu vya Ijumaa. Kikitoka cha kijivu, funga mlango mrudi na treni inayofuata, na baba yako apate alichokitaka, sitabisha. Na hata kikitoka safi, kila mwezi damu yake inapimwa, namba ikipanda hata kidogo, naacha kazi bila kuuliza.

Kikitoka cheupe, nitakuwa kwenye ngazi, nimeoga mara mbili, na kanzu mpya. Usimwambie anirukie. Mweke chini aamue mwenyewe.

Hayo ndiyo masharti. Ukiona mahali nimejipendelea, kata, nirudishie. Unakubali?

Shehata